Shangazi, waliniuliza nitazaa lini nikajikuta nawaambia kila kitu

Shangazi shikamoo,

Naomba unisaidie maana hili jambo nimebaki nalo moyoni na wiki ijayo nimeitwa usaili sehemu nyingine, kila nikifikiria tumbo linanikata.

Mimi ni mhasibu, nina miaka 29, nimeolewa, mtoto bado. Juzijuzi niliitwa intavyuu kwenye kampuni moja ya kawaida tu, paneli ya watu watatu, wanaume wawili na mama mmoja mtu mzima. Mwanzoni ilienda vizuri kabisa, wakaniuliza ninavyofunga hesabu za mwisho wa mwezi, nikikuta salio la benki haliendani na vitabu naanzia wapi, mambo ya kodi, yaani vitu ninavyovifanya kila siku, nikawa najibu mpaka nasikia raha. Alafu mmoja akafunga faili akaniangalia akasema "umeolewa?" nikasema ndio. "Watoto?" nikasema bado. "Sasa mna mpango gani, maana tukikuajiri hapa alafu baada ya muda mfupi unatuletea mambo ya likizo ya uzazi itakuwa shida."

Shangazi hapo ndo niliishiwa nguvu. Mwaka jana nilipoteza mimba ikiwa imeshakuwa kubwa, nikaumwa sana, nikaacha kazi niliyokuwa nayo nikakaa nyumbani miezi kadhaa. Hayo mambo hata mama mkwe wangu hayajui yote. Lakini wale watu wamekaa kimya wananiangalia na mimi sijui nini kilinipata, nikaanza kuongea, nikaeleza mimba, nikaeleza hospitali, nikaeleza mpaka alichosema daktari kuhusu kubeba tena, naongea huku machozi yananilenga. Yule mama akaangalia chini. Yule aliyeuliza akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Hata sijakaa sawa yule wa tatu akaniuliza, "basi la abiria likijazwa mipira ya tenisi itaingia mingapi?" Sikuelewa kama anatania ama vipi. Nikasema sijui. Akasema jaribu. Nikasema kweli sijui. Kisha wakauliza kazi ya mwisho nilikuwa nalipwa shilingi ngapi, nikataja, tukaagana. Kazi sikupata, waliniandikia kwamba wamempata mwingine.

Mume wangu anasema safari hii wakiuliza niseme sijaolewa, pete nivue, yaishe. Rafiki yangu anasema hapana, niwaambie hayawahusu. Mimi najiona siwezi lolote kati ya hayo mawili. Nifanyeje? Na hivi walikuwa na haki ya kuniuliza vile? Na hao wa kwanza niwaandikie au niachane nao?

Ni mimi binti yako

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu.

Kwanza pole ya mtoto. Naianza hiyo maana kwenye barua yako umeipitisha haraka haraka kama vile ni sababu tu ya kwanini hukuwa kazini, wakati ulifiwa. Mtu aliyefiwa akiguswa pale pale panapouma mbele ya watu asiowajua lazima ayumbe, kwahiyo yale machozi sitaki uyahesabu kama kufeli usaili.

Sasa tuje kwenye maswali yako, nianze na haki. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba namba 111 wa mwaka 1958 unaokataza ubaguzi kwenye ajira, jinsia imetajwa mle waziwazi, na haumlindi mtu aliyekwisha ajiriwa peke yake, unahusu hata ile hatua ya kuitafuta na kuipata kazi. Upo pia mkataba namba 183 wa mwaka 2000 wa kulinda uzazi, huo nchi zilizouridhia ni chache zaidi, unasema uzazi usiwe sababu ya kumbagua mtu kwenye ajira, na mwanamke anayeomba kazi asitakiwe kupima mimba wala kuleta cheti cha kuonyesha hana, isipokuwa kwa kazi ambazo sheria imemzuia mjamzito kuzifanya au zina hatari inayotambulika kwa mama au mtoto. Uhasibu haumo humo. Baada ya hapo kila nchi ina yake, kwa mfano Uingereza kwa sheria ya usawa ya 2010 mwajiri kwa kawaida haruhusiwi kukuuliza mambo ya afya yako kabla hajakupa ofa, na Marekani sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990 inazuia maswali ya ulemavu kabla ya ofa. Kuna sehemu nyingi swali lenyewe halijakatazwa kwa maneno, kinachokatazwa ni kulitumia jibu lako kukunyima kazi, ila hata huko swali likishaulizwa linageuka ushahidi, na huyo wako hata hakuzunguka, amesema kwa mdomo wake kwamba likizo yako ya uzazi itakuwa shida kwao. Kwahiyo hapana mwanangu, halikuwa swali la haki.

Lakini mle ndani kwenye chumba sheria haiongei, unaongea wewe, na hapo ndo ushauri wa mumeo na wa rafiki yako unapokutana na meza.

Mumeo anataka yaishe usiumie tena, nimemuelewa. Ila njia ya mwongo ni fupi. Ukishaajiriwa tu unaletewa fomu ya bima ya afya mwenza wako nani, fomu ya mafao mrithi nani, fomu ya ndugu wa karibu wa kupigiwa simu, sasa hapo utaandika nini? Ukiandika ukweli umejiumbua wiki ya kwanza kazini, ukiandika uongo mumeo hana bima. Kuna nchi kama Ujerumani mahakama za kazi zimefika mbali, mwanamke akiulizwa kama ana mimba akajibu uongo mwajiri hawezi kuja kuvunja mkataba kwa sababu hiyo, kwa vile swali lenyewe halikutakiwa kuulizwa, lakini usiibebe hiyo kama kinga yako maana sehemu nyingi haipo, na kwa mhasibu hasa, mtu anayekabidhiwa hela za watu, kugundulika ulidanganya kwenye usaili ni kumpa mwajiri sababu ambayo alikuwa hana. Pete yako vaa.

Rafiki yako kwenye haki yuko sawa kabisa, na kuna wakati jibu lake ndo linatakiwa, nitafika huko. Shida yake ni kulitoa la kwanza, kabla hujajua anayeuliza anataka nini. Nimekaa upande ule wa pili wa meza miaka mingi, nilikuwa afisa utumishi, na nakuambia wanaouliza haya maswali hawafanani. Yupo anayetaka tu kukuchangamsha, hajui kama ni kosa, angekuuliza hivyo hivyo hata kwenye foleni. Yupo mbaguzi kweli. Na katikati hapo, ambao ndo wengi, yupo mwenye hofu ya kazi ila ameshindwa kuiuliza kama hofu ya kazi, anaingilia mlango wa chumbani kwako. Anayeuliza utazaa lini anawaza mwisho wa mwezi vitabu vitafungwa na nani. Anayeuliza mumeo anafanya kazi wapi anawaza akihamishwa utamfuata. Mtu mzima akiulizwa umri wake wanawaza atakubali kuelekezwa na kijana? Anayeulizwa anaishi na nani wanawaza safari na zamu za usiku. Hofu hiyo haimpi mtu ruhusa ya kuingia tumboni mwako hata kidogo, lakini wewe unaweza kuijibu hofu ukaliacha swali pale pale lilipo.

Inakuwaje sasa. Akisema mna mpango gani wa watoto, wewe unamwangalia, unavuta pumzi, unasema, "Nadhani mnataka kujua kama nitaimudu ratiba ya kazi hii. Majukumu nimeyasoma, kipindi cha kufunga hesabu nakijua kinavyokuwa, kazi niliyotoka ripoti zangu zilikuwa zinatoka kwa wakati." Basi. Hujasema unataka mtoto, hujasema hutaki, hujamuahidi kitu kuhusu mwili wako (na usije ukaahidi, usiseme "sina mpango wa kuzaa" ili uwafurahishe, hilo jibu litakuja kukusuta siku Mungu akikujalia). Umeongea kazi tu, tena ukweli mtupu. Kama huko ulikotoka ripoti zilikuwa zinachelewa basi usitumie sentensi yangu hiyo, tafuta nyingine ambayo ni kweli kwako.

Alafu ukishasema, nyamaza.

Hapa kwenye kunyamaza naomba unisikilize vizuri maana nikisoma barua yako naona ndipo palipotokea kila kitu. Umeandika mwenyewe, "wamekaa kimya wananiangalia". Kimya kile ndo kilichokutoa yale maneno yote, swali lilishapita. Watu wengi sana hivyo ndivyo wanavyoishia kusema wasichopanga, jibu limeshatosha, paneli inakaa kimya kidogo, mwombaji anadhani jibu halijakubalika anaanza kuongeza, anaongeza tena, mwisho anafika sehemu ambayo hakuna aliyemuuliza. Na mara nyingi kile kimya hakina maana yoyote, wanaandika alama kwenye fomu, wanaangaliana nani anauliza linalofuata, mwingine anawaza chai. Wapo pia wanaonyamaza makusudi ili uendelee, hiyo ni mbinu ya zamani, ila hata huyo akikuona umetulia hana cha kufanya zaidi ya kuuliza swali lingine. Kimya chao ni cha kwao, si kazi yako kukijaza. Weka mikono mapajani, angalia kati ya macho yake kama kumuangalia machoni kunakushinda, subiri.

Akirudia, maana wapo wanaorudia, unapunguza sauti badala ya kupandisha, unasema "hayo ni mambo yangu ya nyumbani, naomba nibaki kwenye kazi". Unaweza pia kumrudishia swali kwa upole kabisa, "samahani, hilo linahusianaje na nafasi hii?" na utashangaa wengi wanavyorudi nyuma, hasa kama kwenye paneli kuna mwenzao anayejua sheria, maana hilo swali lako linamgusa na yeye. Akiendelea tena baada ya hapo, sasa ndo jibu la rafiki yako, mwambie hutalijibu, na kama unajisikia kuinuka ukaondoka, inuka uondoke. Usaili sio mahakama, hakuna anayekulazimisha kukaa mpaka mwisho.

Lile pengo la miezi kwenye CV yako ni kitu kingine, hilo wana haki ya kuuliza, ila haki yao inaishia kwenye kujua ulikuwa wapi na kama sasa uko tayari, haiingii hospitali. Andaa maneno machache kabla ya kwenda, mfano "nilikuwa na jambo la kiafya lililohitaji niwe nyumbani, limekwisha, na sasa niko tayari kwa kazi ya muda wote". Ukiona neno afya linawapa upenyo wa kuchimba, sema jambo la kifamilia, nalo ni kweli. Kama kipindi hicho ulisoma chochote, kozi ya mtandaoni, programu mpya ya hesabu, au ulimsaidia mtu vitabu vya biashara yake, malizia na hicho ili swali linalofuata liwe la hicho. Kama hukufanya chochote kwasababu ulikuwa unaumwa na unalia, inatosha, huna deni la kuonyesha kwamba msiba wako ulikuwa na faida.

Mshahara wa zamani usiwe na haraka ya kuutaja, sema "kwa majukumu ya nafasi hii mimi naangalia kati ya hapa na hapa", ukiwa umeshauliza watu wa fani yako wanalipwaje. California mwajiri hata haruhusiwi kuuliza hilo tangu 2018, na Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kukataza mwaka 2023, kwasababu mtu aliyelipwa kidogo jana anaendelea kulipwa kidogo kesho kwa kigezo hicho hicho.

Haya, mipira ya tenisi.

Hilo swali usilichukie, ni la aina yake na lina historia. Kulikuwa na mwanafizikia mmoja Mwitaliano, Enrico Fermi, alifundisha Chuo Kikuu cha Chicago, alipenda kuwauliza wanafunzi wake vitu kama Chicago ina mafundi wangapi wa kurekebisha sauti za piano. Hakutaka namba aliyoikariri mtu, alitaka waone kwamba kitu usichokijua unaweza kukikaribia ukikivunja vipande unavyovijua. Basi la abiria ndani lina urefu gani, tuseme mita 10, upana mita mbili na nusu, kimo mita mbili, hiyo ni mita 50 za ujazo. Toa viti na injini, baki na 40. Mpira wa tenisi upana wake ni karibu sentimita 7, ukiuweka kila mmoja kwenye kisanduku chake cha sentimita 7 kila upande, mita moja ya ujazo inabeba kama 3,000. Mara 40 ni 120,000. Unamwambia "nakadiria kama laki moja na ishirini, ikijipanga vizuri itazidi kwasababu mipira inaingiliana kwenye nafasi". Mwenyewe umeona, hamna kitu hapo ambacho mhasibu hakifanyi, kila ukiandaa bajeti unakadiria usichokijua kwa kutumia unachokijua. Kilichokukwamisha siku ile ni kwamba ulikuwa bado unalia kwa ndani.

Na ukikwama usione kama umepimwa akili ukaonekana huna. Mwaka 2013 Laszlo Bock, wakati huo ndo mkuu wa mambo ya wafanyakazi kule Google, kampuni iliyosifika sana kwa mafumbo ya namna hii, aliliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo hayo ni kupoteza muda, hayatabiri kama mtu atafanya kazi vizuri. Mimi naunga mkono kabisa, mengine yanaulizwa kumfurahisha anayeuliza. Ila ukikutana nalo usiseme sijui ukaishia hapo, sema "naomba nifikirie kidogo", chukua kalamu, alafu fikiria kwa sauti wakusikie. Kuomba kufikiria ni ruhusa kwenye swali lolote lile, na mimi nikiwa kwenye paneli aliyeomba nilimuamini kuliko aliyerukia.

Maswali mengine ya kushtukiza, yale ya "tuambie siku uliyogombana na bosi" au "kitu gani kimewahi kukushinda", hayo huwezi kuyakariri yote ila unaweza kwenda na visa vichache vya kweli vya kazini kwako, vile ambavyo ukivigeuza huku vinajibu ugomvi ukivigeuza kule vinajibu presha ya muda. Kila kisa jua hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa nini, ukafanya nini, ikaishaje. Sehemu ya "ukafanya nini" ndo iwe ndefu, na useme mimi, watu wengi wanasema sisi sisi mpaka paneli haijui mwombaji ni yupi.

Na mumeo kwa vile anataka kusaidia mpe kazi. Jioni hizi mwambie akukalie mbele ya meza akuulize lile swali, lile lile, kwa maneno yale yale, tena bila huruma, akimaliza anyamaze akuangalie. Mara ya kwanza unaweza ukalia, lia, mrudie tena. Endeleeni mpaka lile jibu la ratiba litoke sauti ikiwa imetulia na kile kimya uwe umekizoea. Kusoma jibu kwenye simu peke yako hakutoshi, mdomo lazima uwe umeshayapitia hayo maneno.

Sasa hao wa kwanza. Usiwaandikie kuwaomba wakufikirie tena wala kujieleza, umeshaeleza kupita kiasi. Ila leo hii, kabla hujasahau, kaa uandike tarehe ya usaili, nafasi uliyoomba, nani alisema nini kwa maneno yake hasa ile ya likizo ya uzazi, na ile barua yao ya kukataa itunze. Kisha amua kwa utulivu kama unataka kulipeleka mbele, ofisi ya kazi ya serikali, chama cha wafanyakazi au kituo cha msaada wa kisheria watakuambia sheria ya huko uliko inasemaje na kama una kesi, ila nenda mapema maana malalamiko ya ajira huwa yana muda wa mwisho na sehemu nyingi muda huo ni mfupi. Ukiona huna nguvu za kuanza hiyo safari mwaka huu, nalo ni sawa, hakuna wa kukulaumu, mwenye kosa ni aliyeuliza. Ukienda, niandikie wamekuambiaje, maana najua wapo wengine wanaosoma hapa wamekaa kwenye kiti kama chako.

Shangazi